Probox ya mlimani: Shilingi ya kwanza iende kwenye mafla au kwenye tairi?

*Wenye magari madogo Kapsokwony wanataka gari lenye nguvu zaidi kwa pesa kidogo. Lakini huku juu hewa ni nyepesi, tope ni jingi na mteremko ni mrefu, na hesabu za Nairobi hazifiki mbali.*

Mvua ya alasiri ikishapiga Mlima Elgon, barabara za udongo zinazoshuka kutoka mashambani hadi Kapsokwony hugeuka utelezi. Hapo ndipo Probox iliyojaa viazi hukwama katikati ya kilima, magurudumu ya mbele yakizunguka papo hapo na kurusha tope ubavuni. Vijana wawili watatu hujitokeza kusukuma. Dereva hushuka akatazama chini, na mara nyingi anachokiona ni kitu alichokijua tangu wiki iliyopita: tairi ni kipara, ingawa rimu zilizozibeba ni za sporti na bado zinang'aa.

Karibu kila mwenye gari dogo huku ana orodha yake kichwani. Mmoja anataka mafla inayonguruma. Mwingine anataka kulipandisha gari kwa spesa lisiendelee kukwaruza tumbo kwenye mawe. Wa tatu amesikia kwamba kuna fundi Kitale anayeweza kuchezea kompyuta ya injini gari likawa jepesi kama limevuliwa mzigo. Pesa za kufanya yote hayo hazipo. Zipo za jambo moja, pengine moja na nusu.

Tuseme ni shilingi 40,000, masalio ya vitunguu vilivyopata bei nzuri au ya miezi kadhaa ya kubeba watu na mizigo. Ziende wapi kwanza?

Mjini, jibu hutegemea zaidi mwenye gari anapenda nini. Mlimani, linategemea mahali. Tena si kila mahali pa ukanda huu panafanana. Anayeishi Bungoma, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ana hewa nzito kidogo na barabara za kadiri. Wa Kitale yuko juu, karibu mita 1,900, lakini nchi yake ni tambarare. Wa Kapsokwony ana mwinuko na miteremko kwa pamoja.

Enzi za Land Rover

Kapsokwony ni makao makuu ya Kaunti Ndogo ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma, juu ya mji wa Kimilili. Ni nchi ya viazi, vitunguu, kabichi, mahindi na kahawa, na mazao hayo sharti yateremke: Kimilili, soko la Chwele, Bungoma mjini, au kupitia Kamukuywa kuelekea Kitale.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kupanda na kushuka ilikuwa ya Land Rover. Zilikuwa zile kuukuu za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na One Ten iliyoingia sokoni 1983. Nyingine ziliunganishwa papa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland kule Thika. Wenyeji wakazigeuza matatu: abiria walibanana nyuma goti kwa goti, magunia yakapanda juu ya paa, na utingo akaning'inia mlangoni.

Injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuwa kwenye nyingi za hizo ilitoa nguvu za farasi 62 hivi. Leo hata Vitz ya lita moja inaishinda. Lakini Land Rover ilipita mahali ambapo gari lenye nguvu maradufu lingezama, kwa sababu magurudumu yake yote manne yalivuta, gia zake za chini zilienda polepole kwa nguvu, na tairi zake zilikuwa na meno. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohusu mbio.

Kisha ikaja Probox. Toyota waliitoa Japani mwaka 2002 kama kigari cha kampuni, cha kusambaza bidhaa na kubeba mafundi na vyombo vyao. Haikuundwa impendeze mtu. Ile ya lita 1.5 ina injini ya petroli iitwayo 1NZ-FE, farasi 109 kwenye karatasi, na nyingi zinavuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Sheria ya Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini za umri mdogo kuliko huo hutufikia mtumba kwa mikururo. Spea zake zimejaa, kila fundi anaijua, na injini yake huvumilia mateso.

> Land Rover kuukuu ilikuwa na farasi 62 tu, na bado ilipita mahali ambapo Probox ya farasi 109 inasukumwa na vijana.

Mlima unakula farasi 20

Tuanze na kambi ya nguvu, kwa kuwa ndiyo yenye mashabiki wengi na kelele nyingi.

Barabara za Mlima Elgon zinafika na kupita mita 2,000. Katika mwinuko huo hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo haina namna ya kujisaidia: hunyonya hewa iliyopo, na hewa ikipungua, petroli nayo hupunguzwa ili mchanganyiko ubaki sawa. Kwa hiyo zile farasi 109 za kwenye karatasi zikifika huku zimebaki kama 87. Farasi 20 na ushei wameliwa na mlima kabla dereva hajatia gia.

Sasa anakuja muuza mafla. Ni kweli kwamba mafla iliyo wazi hupunguza kizuizi cha moshi unaotoka. Lakini kwenye injini ndogo ambayo haijaguswa mahali pengine, faida yake ni farasi wachache, na huonekana pale injini inapozunguka kwa kasi sana. Anayepanda kilima na magunia hazungushi injini hivyo. Yeye anahitaji nguvu za chini, na huko ndiko bomba pana lisilopimwa linaweza hata kumpunguzia. Kinachoongezeka bila shaka ni sauti, nayo sauti humshawishi dereva kwamba gari limekuwa jepesi. Wenye nyumba kando ya barabara wana maoni tofauti, na tangu 2009 wana pia kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira.

Kuna mafundi wanaoshauri kikatwe kile chombo cha kusafisha moshi kilicho njiani mwa egzosi, eti kinaziba. Ndani yake kuna platini, paladi na rodi, madini yenye bei duniani. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza chombo kikitoka kinabaki na nani.

Kichujio cha hewa cha umbo la koni, kile kinachokaa wazi chini ya boneti, nacho kina wapenzi wake. Hapo kilipo hunyonya hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Unausaidia mlima kazi yake. Tena kiangazi cha Januari na Februari barabara za huku ni vumbi tupu. Chujio hafifu likipitisha vumbi, ringi na silinda zinasagika, na hasara yake haihesabiki kwa farasi bali kwa injini nzima.

Kompyuta ya injini nitaipita haraka. Kwenye dizeli yenye turbo, fundi anayejua kazi anaweza kupata nguvu za maana. Kwenye 1NZ-FE isiyo na turbo, hakuna kilichofichwa cha kufichua.

Ukitaka nguvu za bei nafuu, zitafute pale zilipopotelea: kichujio kipya cha kawaida, plagi mpya, kusafisha mlango wa hewa uliojaa masizi. Hiyo huitwa sevisi, na hakuna anayejivunia sevisi mbele ya wenzake, lakini gari lililokuwa limechoka hurudi kuwa gari.

Dawa halisi ya hewa nyepesi ni turbo, kwa kuwa yenyewe huisukuma hewa ndani kwa nguvu badala ya kuisubiri inyonywe. Wenye Land Rover walilijua hilo zamani. Ndiyo maana wengi wao waling'oa injini za zamani na kutia 300Tdi ya dizeli, yenye turbo na farasi 111, au injini za dizeli za Kijapani. Ni kazi ya maana, lakini si ya shilingi 40,000. Na ina mambo ya karatasi: nambari ya injini imeandikwa kwenye logbuku, kwa hiyo anayebadilisha injini sharti aijulishe mamlaka ya usafiri, NTSA, na rekodi ibadilishwe. Asiyefanya hivyo atasumbuka siku ya kuuza gari, siku ya ukaguzi, na zaidi siku ya kudai bima.

Nisiwe mchoyo wa furaha. Kijana aliyeweka akiba miaka ili anunue gari lake la kwanza ana haki ya kulipenda na kulipamba, na kama gari hilo ni la kwenda kanisani na kurudi, basi mafla yake haimdhuru mtu isipokuwa masikio. Ubishi ninaouleta hapa ni wa gari linalofanya kazi.

Spesa: hoja yenye uzito

Kambi ya pili haitaki mbio, inataka urefu. Nayo ina hoja.

Barabara nyingi za shambani zina mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu, na katikati umebaki mgongo wa majani na mawe. Gari la chini hukwaruza mgongo huo kuanzia bampa hadi egzosi. Jiwe moja likipiga sampu ya mafuta, safari imeishia hapo. Spesa, vile vipande vya chuma au plastiki ngumu vinavyofungwa juu ya shoki na springi, huinua bodi inchi moja au mbili kwa kazi ya nusu siku. Kwa bei ni nafuu kuliko seti ya tairi. Si ajabu kwamba kwa wenye Probox, Fielder na Vitz wengi nchini Kenya, hilo ndilo badiliko la kwanza kabisa.

Lakini spesa huinua tu. Haiongezi ugumu wa springi. Probox ilipimwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Hayo ni magunia manane ya viazi ya kilo 50, wala si kumi na moja. Ukishazidisha, springi ile ile inalala vile vile, spesa iwepo isiwepo.

Halafu kuna gharama zinazokuja nyuma yake. Bodi ikipanda, sivi jointi za mbele, yale maungio yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu, hufanya kazi kwa pembe kali zaidi, na mipira yake ya grisi hupasuka mapema. Tope likiingia humo, hesabu mwezi tu. Alaimenti hupotoka, na asiyeipima upya atashangaa kwa nini tairi mpya zinaliwa upande mmoja. Mpira wa breki za nyuma unaweza kuvutika. Na gari lote linakuwa limesimama juu zaidi, jambo ambalo halijulikani kwenye barabara iliyonyooka ila hujulikana sana kwenye kona ya mteremko ukiwa na mzigo juu ya paa.

Mimi nasema inchi moja inatosha, pamoja na alaimenti siku hiyo hiyo. Anayetaka zaidi anunue springi ngumu na shoki zinazolingana nazo, hata kama itabidi asubiri msimu mwingine. Na zile spesa nyingine, za bapa, zinazotiwa kati ya habu na rimu ili magurudumu yatoke nje na gari lionekane limetanua mabega, hizo kwenye gari la mizigo ni za kuepukwa kabisa. Zinazitwika bolti na beringi mzigo ambao hazikuundiwa.

Namba zilizoandikwa ubavuni

Kama ningeruhusiwa kumwonyesha mwenye Probox kitu kimoja tu, ningemwonyesha ubavu wa tairi yake.

Probox ya toleo la kuanzia 2014 hutoka kiwandani na tairi zilizoandikwa 155/80R14, na pembeni yake 88/86N. Ile 88 ni kipimo cha mzigo: tairi moja inabeba hadi kilo 560. Herufi N ni kikomo cha kasi, kilomita 140 kwa saa, ambacho hakuna anayekihitaji Kapsokwony.

Sasa tazama rimu za sporti ambazo huja na tairi za gari la saluni, mathalani 175/65R14 yenye kipimo cha 82. Ni pana, inapendeza, inajaza nafasi. Lakini 82 maana yake ni kilo 475. Umepoteza kilo 85 kwa kila tairi, yaani kilo 170 kwa tairi mbili za nyuma zinazobeba viazi. Hayo ni zaidi ya magunia matatu ambayo tairi hazina tena uwezo nayo, na wala hakuna aliyempunguzia dereva mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Tairi ya kwanza ina kimo cha milimita 604 hivi. Ya pili 583. Nusu ya tofauti hiyo, karibu sentimita moja, ndiyo gari linayoshuka. Kwa hiyo mtu akitia spesa za inchi moja, kisha akavalisha tairi hizo za sporti, amerudisha zaidi ya theluthi ya kimo alichokilipia. Tena ekseli ya nyuma ya Probox ni mhimili mmoja mzima unaopita chini kutoka gurudumu hadi gurudumu. Spesa haiinui mhimili huo hata kidogo, kwa sababu yenyewe inakaa juu yake. Kinachouinua ni tairi peke yake.

> Spesa huinua bodi. Ekseli ya nyuma huinuliwa na tairi tu, na tairi za sporti huishusha.

Meno nayo yana maana yake. Tairi ya lami ina mifereji myembamba ambayo udongo mwekundu wa mlimani huijaza kwa mzunguko mmoja, na baada ya hapo unaendesha juu ya duara laini. Tairi yenye mifereji mipana hujisafisha inapozunguka. Kwenye Probox inayovuta kwa magurudumu mawili, tofauti kati ya hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kupita na kuita vijana. Hailifanyi gari kuwa Land Rover. Inalisogeza karibu.

Anayenunua tairi za mtumba kutoka Japani, zile za meno mazuri na bei ya kushawishi, atafute tarakimu nne za mwisho kwenye mfululizo unaoanza na herufi DOT. 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa stoo. Tairi ya miaka kumi inaweza kuwa na meno kama ya jana na bado isishike barabara yenye maji, kwa kuwa imekwisha kuwa ngumu.

Kama pesa zinatosha tairi mbili tu, ubishi huanza upya. Dereva wa mlimani huzitaka mbele, kwenye magurudumu yanayovuta, ili apande. Wataalamu wa tairi husisitiza zilizo nzuri zikae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Naelewa hoja ya dereva. Ila kukwama kupanda ni aibu ya nusu saa, na kuzunguka kwenye mteremko ni habari nyingine. Nyuma.

Kushuka ndiko kugumu

Watu huzungumzia kupanda kwa sababu ndiko injini hulalamika. Kwenye kushuka kila kitu kiko kimya, na dereva huona gari linakwenda vizuri.

Piga hesabu. Probox yenye mzigo wake halali na dereva ina uzani wa kilo 1,500 hivi. Ikishuka mita 500 za kimo, nishati inayotakiwa kuondolewa inatosha kuchemsha lita 20 za maji baridi. Kama gari limetiwa gia, injini huchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kama halimo kwenye gia, joto lote linaingia kwenye diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma.

Na madereva wengi huteremka na fri, gia nje, wakiamini wanaokoa petroli. Kwenye gari la kabureta palikuwa na ukweli kidogo. Kwenye Probox ni kinyume: ukiteremka ukiwa na gia na mguu umetoka kwenye akselereta, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini hulazimika kunywa petroli ili isizime. Anayeteremka na fri anatumia mafuta zaidi na breki zaidi kwa wakati mmoja. Wa gari la otomatiki avute wenzo hadi gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, asingoje harufu.

Kuna mafuta ya breki pia, ambayo huguswa siku yanapovuja tu. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango chake cha chini kabisa kinachokubaliwa ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Kanyagio linashuka hadi sakafuni na gari halisimami. Kuyabadilisha yote, kila baada ya miaka miwili, ni kazi ya saa moja na chupa moja ya bei ndogo. Ukiongeza padi za mbele zenye ubora na kurekebisha ngoma za nyuma, bado hujafikia bei ya tairi mbili.

Mjini Nairobi ningesita kuita mafuta ya breki badiliko la kuongeza uwezo wa gari. Kwa barabara ya kushuka Kimilili sisiti. Dereva mwenye breki anazoziamini hufika mapema kuliko mwenye injini anayoiogopa.

Joginder na Volvo la mitumba

Kenya ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambalo kiwanda kilikuwa kimelitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia kisha kikaliuza. Waliliandaa wao wenyewe na kuwaacha nyuma wenye timu za kiwandani na magari mapya. Joginder alishinda tena 1974 na 1976.

Miaka mitatu iliyofuata ushindi huo wa kwanza, 1966, 1967 na 1968, Safari ilichukuliwa na Peugeot 404, gari la familia lisilo na sifa yoyote ya mbio. Waliokuwa na injini kali walikuwapo. Wengi wao walikuwa wamekaa kando ya barabara wakisubiri kuvutwa, springi zimevunjika, tairi zimekwisha. Raia wa kawaida waliliona hilo kwa macho, na kwa miaka mingi baadaye Peugeot ndiyo ikawa gari la safari ndefu nchini.

Bila shaka mwenye Probox ya viazi hashindani na mtu. Lakini barabara iliyomfundisha Joginder nini kitangulie ni ya udongo ule ule.

Arobaini elfu, basi

Haya, turudi kwenye pesa. Mafuta ya breki na padi za mbele ni sehemu ndogo ya shilingi 40,000, na mimi ningeanza na hayo. Tairi nne mpya zenye kipimo sahihi cha mzigo zitameza zaidi ya nusu. Alaimenti ni lazima baada ya hapo. Kikibaki kitu, sevisi ya injini. Spesa za inchi moja zingoje mavuno yajayo, ila kwa yule ambaye njia ya kwake imekwisha kumpasua sampu. Huyo azitangulize, kwa maana gari lisilo na mafuta ya injini halihitaji tairi.

Hesabu hii haitakaa vilevile. Mradi wa kutia lami barabara ya Kamukuywa–Kaptama–Kapsokwony–Sirisia unabadilisha mengi. Palipo na lami, sababu ya kupandisha gari hupungua na mwendo huongezeka. Kona iliyokuwa ikichukuliwa kwa kilomita 20 kwa saa kwa ajili ya mashimo, sasa huchukuliwa kwa 60 kwa kuwa hakuna mashimo. Gari lililoinuliwa inchi mbili kwa ajili ya barabara ya zamani ndilo litakalopata shida kwenye mpya. Wauza spesa wana miaka michache mizuri iliyobaki upande huu. Wa mashambani bado watawahitaji.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa sana kwenye mabishano haya, nalo ni taa. Ukungu wa Mlima Elgon hushuka jioni bila kubisha hodi, na Probox nyingi zina vioo vya taa vilivyogeuka manjano kwa jua. Kuving'arisha hugharimu pesa kidogo, na mwanga hurudi. Wengi badala yake hununua balbu kali za bluu na kuzitia kwenye taa iliyoundiwa balbu ya kawaida. Mwanga hutawanyika, ukungu huurudisha usoni mwa dereva, na anayekuja mbele haoni chochote.

Tena gari likibebeshwa nyuma, pua huinuka na taa humulika miti. Magari mengi ya Kijapani ya aina hii yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi, upande wa kulia wa usukani, chenye alama ya taa na namba kuanzia 0. Ukikizungusha, mwanga hushuka barabarani. Kwenye gari la mtumba utakikuta kiko kwenye 0 tangu lilipoteremshwa Mombasa, na kukizungusha ni bure.